Koplo na Foleni ya Jumamosi

Katekista alisema ukurasa mmoja, upande mmoja, mwandiko wa kusomeka.

"Dakika tano, Mwalimu. Tukizidisha, Paroko anaanza kuangalia saa, na wa kuulizwa ni mimi." Alikuwa ameshageuza baiskeli yake kuelekea njiani. "Na inifikie kabla ya saa kumi na mbili jioni, niipitie kwanza. Mwaka jana kuna mtu alisoma wasifu wa mjomba wake hapo mbele, akataja mpaka nani alimwibia mjomba mbuzi. Na mwizi mwenyewe kakaa benchi la tatu."

Mwalimu alimwahidi kwamba hakuna mbuzi katika maisha ya baba yake, akafunga mlango, akarudi kwenye karatasi.

Baba yake alikuwa amefariki juzi, Jumanne alfajiri, akiwa na miaka sabini na minane. Alishapakwa mafuta matakatifu, alishakunywa nusu kikombe cha chai na kulalamika kwamba haina sukari, kisha akageukia ukutani kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Misa ya maziko ilikuwa kesho saa nne asubuhi. Watu wote walimwita Koplo, ingawa ukoplo wenyewe aliuvua miaka hamsini na miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha la barabarani. Mwalimu alikaa kwenye stuli ya baba yake, ambayo ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa sababu Koplo alizoea kuegemea kushoto. Mezani kulikuwa na jiliwa la kubania vyuma, bisibisi tisa zilizopangwa kwa urefu, kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, na kitambaa ambacho zamani za kale kiliwahi kuwa cheupe. Juu ya mlango, msalaba. Ukutani, kalenda ya parokia. Sakafuni zilipangwa cherehani saba zikisubiri fundi ambaye hatakuja, kila moja na kikaratasi shingoni: "inaruka mishono", "nzito", "inakata uzi", na moja, kwa mwandiko wa Koplo mwenyewe, "mama huyu anasema ina mapepo, nimeangalia, ni kutu".

Kwa miaka ishirini Mwalimu alikuwa akifundisha watoto wa sekondari kuandika insha. Alishawaandikia majirani wasifu wa marehemu wao zaidi ya mara kumi, na ilisemekana mtaani kwamba kalamu yake inaweza kumfanya hata mlevi wa kutupwa aonekane mtu wa maana. Leo kalamu ilikuwa imemgomea. Aya ya kwanza ilikuwa tayari: kuzaliwa, ubatizo, darasa la saba, kuitwa jeshini akiwa na miaka ishirini na miwili. Aya ya tatu nayo ilikuwa tayari: kurudi, kufunga ndoa kanisani, watoto wawili, cherehani. Katikati yao, mahali pa miaka minne ya vita, palikuwa na pengo lenye upana wa vidole vinne.

Angeweza kuandika "alipigania nchi yake kwa ushujaa mkubwa" na kuendelea na safari. Ndivyo wanavyoandika wote. Lakini kulikuwa na jambo kati yake na baba yake kuhusu miaka ile minne. Alilibeba kwa miaka thelathini, na alijua kwamba akilifunika kwa maneno ya kuokota atalibeba mpaka naye azikwe.

Kaka yake aliingia bila hodi, kama kawaida yake, simu moja sikioni na nyingine mkononi. Alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu wa maneno, ambaye akikuuzia taa ya breki unatoka dukani ukidhani umenunua gari zima.

"Umefika wapi?"

"Vitani."

"Ah, hapo pako rahisi. Andika: alikamata askari kumi na wawili wa adui, peke yake, kwa bunduki isiyo na risasi."

"Nani kakwambia?"

"Hiyo inajulikana, mdogo wangu."

"Inajulikana na nani?"

Kaka alijikuna shingo. "Mimi ndiye niliyekuwa nawasimulia wenzangu shuleni. Ilianza na askari watatu."

Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha akauliza, "Lakini wewe mwenyewe ulimwuliza hata siku moja?"

"Nimwulize? Aliyeuliza si wewe? Tuliona kilichotokea." Hakusema kwa ubaya. Simu ikalia, akatoka nje kwenda kugombana na watu wa viti.

Mwalimu alibaki na neno lile kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake stendi.

Bomu liliangukia karibu na handaki walimokuwamo Koplo na wenzake. Hilo ndilo jambo pekee la vita lililojulikana nyumbani, kwa sababu halikufichika: sikio la kushoto lilikufa palepale, na la kulia likabaki linachungulia tu, kama mtoto nyuma ya pazia. Katika hospitali ya jeshi, akisubiri masikio yapone, alipewa kazi ya kushona mashuka kwa cherehani. Masikio hayakupona. Ila siku moja, mashine ikienda, aliweka kiganja cha kushoto juu yake, akagundua kwamba anaisikia. Anasikia sindano ikishuka, bobini ikizunguka, skrubu iliyolegea mahali fulani ndani. Kufika siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, alikuwa ameshazitengeneza mashine zote za wodi, na yeye mwenyewe ameshakuwa fundi.

Kazi yake ilikuwa hivyo mpaka mwisho. Anaingia kwa fundi nguo, anavua kofia, anaweka kiganja juu ya mashine, anafumba macho. "KANYAGA, MAMA!" Mama anakanyaga. Koplo anatulia kama daktari mwenye mpira masikioni. "INAKOHOA. BOBINI HII IMEJAA NYWELE. UNASHONA NGUO AU UNANYOA WATU?" Hakuwa mkali, hakujua tu sauti yake ina ukubwa gani. Mtaa mzima ulijua mashine ya nani ina ugonjwa gani. Mteja mmoja aliwahi kumsihi kwa ishara apunguze sauti, wateja wanasikia. "WACHA WASIKIE," alijibu Koplo kwa furaha, "NA WAO WALETE ZAO!"

Na wewe ukitaka akusikie, lazima upige kelele hivyo hivyo kwenye sikio la kulia.

Mwalimu alikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa sita, wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, na walikuwa wameagizwa kuandika insha kuhusu mtu aliyepigana vita. Wenzake walihangaika kutafuta mtu. Yeye alikuwa naye nyumbani. Akaja na daftari, akasimama hapa hapa, upande huu wa meza, akavuta pumzi.

"Baba! Vitani uliua watu?"

Uani, mama aliyekuwa akifua alisimamisha mikono. Mtu aliyekuwa akipita barabarani aligeuza kichwa. Koplo aliweka bisibisi chini. Alimtazama binti yake mdomoni, si machoni, kana kwamba anangoja neno jingine litoke lirekebishe lile la kwanza. Halikutoka. Akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, akavaa kofia, akaondoka. Hakusema na mtoto huyo siku zilizobaki za wiki ile.

"Una mdomo wewe!" mama alimwambia. "Mtu kafunga mlango wake miaka yote, wewe unakuja kuupiga teke!"

Insha aliandika kuhusu mjomba wa mwenzake, akapata kumi na tisa juu ya ishirini.

Baada ya hapo baba yake alirudi kuwa baba yake. Siku ya kwenda chuo ni yeye aliyembebea sanduku begani mpaka stendi, akasimama chini ya dirisha la basi akipaza sauti, "SOMA, MAMA! SOMA UTUSOMEE NA SISI!" mpaka abiria wote wakacheka. Kwamba alipendwa, Mwalimu hakuwa na shaka. Lakini yale macho yaliyomtazama mdomoni hayakumtoka. Katika wiki tatu za ugonjwa alitaka ainame kwenye sikio la kulia aseme, Baba, nisamehe kwa lile swali. Ila maneno ya namna hiyo yangebidi yapigiwe kelele, na chumba kilikuwa na watu kila saa. Leo, kesho, leo, kesho. Basi Jumanne ikafika.

Ili angalau apate tarehe sahihi za jeshi, aliinama chini ya meza akavuta kopo la biskuti ambamo Koplo aliweka karatasi zake. Cheti cha kuachishwa jeshi kilikuwapo. Cheti cha ndoa kilikuwapo, pamoja na rozari ya marehemu mama. Na chini yake, vifurushi vinne vya vikaratasi vilivyofungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Mwalimu alifungua kimoja.

"Salamu Maria tatu." "Zaburi ya Toba, mara moja." "Rozari moja, kwa ajili ya mkeo." "Nenda kamwombe radhi yule fundi, kisha Baba Yetu moja." Vilikuwa mamia. Vingine vimechanwa kwenye daftari, vingine kwenye bahasha za sadaka. Miandiko mitatu au minne tofauti. Kimoja kilisema tu: "Leo pumzika."

Ilimchukua muda mfupi kuelewa. Padri hawezi kumnong'oneza kiziwi malipizi yake baada ya maungamo, kwa hiyo alimwandikia. Kila padri aliyepita katika parokia ile, mmoja baada ya mwingine, alimwandikia Koplo, na Koplo hakutupa hata kimoja.

Cha chini kabisa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. "Baba Yetu moja, polepole. Kesho ukomunike. Rudi mwisho wa mwezi ujao." Kilikuwa na tarehe. Mwalimu aliisoma, akaisoma tena, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile ya swali.

*Kesho ukomunike.* Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao siku zote. Alipokuwa mdogo, baba yake alikwenda Misa kila siku iendayo kwa Mungu, mvua au jua, na alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Wakati wa Komunyo hakusimama. "Baba yenu hasikii wakiitwa," mama alikuwa akiwaambia, na wao wakaamini. Halafu siku moja akahamia benchi la mbele, na wakaambiwa ni ili aone midomo ya Padri. Mwalimu hakukumbuka ilikuwa lini. Jumapili zile alikuwa akikaa upande wa wanafunzi, ameinamisha kichwa Misa nzima, kwa aibu ya lile swali.

Alitia kile kikaratasi kwenye mkoba akatoka. Kama kuna mtu aliyejua Jumamosi ile, ni Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa na kibanda chake cha ushonaji nyumba tatu mbele, na alipewa jina hilo kwa sababu vifungo vya sare za shule za mtaa mzima vilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa kanisani kila Jumamosi tangu kabla Mwalimu hajazaliwa. Alimkuta miwani puani, rundo la mashati meupe mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Hujala. Kaa. Shule zinafunguliwa Jumatatu, hawa hawajali nani kafa."

Mwalimu alimpa kikaratasi. Mama Vifungo alikisogeza mbele, akakirudisha karibu, akakipata.

"Kumbe alivitunza. Jamani, Koplo."

"Jumamosi hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Yeye alikuwa wa nne kwenye foleni, mimi wa tano." Alichomeka sindano kwenye shati asije akaipoteza. "Lakini asubuhi alipita hapa kwanza. Alisimama hapo mlangoni ulipopita wewe. Sauti yake unaijua. 'PADRI ANAUNGAMISHA SAA NGAPI?' Nikamwonyesha vidole: tisa. Akasema, 'BINTI YANGU KANIULIZA SWALI. NIMELALA NALO SIKU TANO. LAZIMA NIKALIJIBU MAHALI.' Hivyo hivyo, neno kwa neno. Muuza nyama ng'ambo ya pili alisikia."

Mwalimu, aliyekuwa bado amesimama, alikaa.

"Alikuwa na hasira?"

"Hasira? Mwenye hasira hanyoi ndevu, mwanangu. Alikuwa amenyoa mpaka anang'aa, amevaa shati lake la harusi, limembana tumboni, kifungo cha tatu kinaomba msaada. Nikakikaza hapo hapo akiwa amelivaa."

"Ikawaje?"

"Ikawa hivi." Mama Vifungo alivua miwani. "Kanisa la zamani, unalikumbuka, chumba cha maungamo kilikuwa mbao na pazia, basi. Zamu yake ikafika, akaingia. Na yule hajui kunong'ona. Alishasahau kunong'ona ni kitu gani. 'NIBARIKI, PADRI!' Kanisa zima likajaa. Tukatazamana. Tunamsikia Padri anasema, taratibu, taratibu. Koplo anasema, 'EEH?' Kisha akasema sentensi ya kwanza."

"Akasemaje?"

Mama Vifungo alimwangalia kitambo. "Mimi nikaanza kuimba."

"Kuimba?"

"Wimbo wa Bikira Maria. Wala sikufikiri. Ningefikiri nisingeimba, sauti yangu unaijua, heri ya debe. Mzee wa Mkaa alikuwa nyuma yangu, akanitazama kama nimepagawa. Mara Koplo akapandisha sentensi ya pili. Mzee wa Mkaa naye akadaka wimbo, na wale wengine wote wakadaka. Tukaimba beti zote. Tukarudia. Zikaisha. Tukaimba wa Matawi. Tukaimba wa Noeli, mwanangu, mwezi wa sita! Mfagiaji wa kanisa alikuja kuchungulia kama tuna akili timamu, Mzee wa Mkaa akamvuta mkono akamwambia, imba."

Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. "Muda gani?"

"Nusu saa, inazidi. Mtu ana miaka ishirini na miwili hajaungama wala kukomunika, unadhani ni ya dakika mbili? Nilitoka pale koo linawaka. Yeye akatoka, uso umelowa, kikaratasi mkononi, hicho hicho. Hakutuangalia. Padri akafunua pazia, akasema, 'Nyimbo nzuri. Na kama kuna aliyesikia chochote, ajue amefungwa mdomo kama nilivyofungwa mimi.' Akatushangaza, akarudisha pazia. 'Wa tano!' Na mimi dhambi zangu nilishazisahau zote."

Walicheka mpaka Mama Vifungo akajifuta macho kwa mkono wa shati la mtoto wa watu.

"Hiyo sentensi ya kwanza," alisema Mwalimu, "uliisikia."

"Niliisikia."

"Mama..."

"Haitoki. Mume wangu kafa hajui. Wewe ni binti yake, nakupenda, na hutaipata. Hasa wewe." Alisema kwa upole, kama anayemnyima mtoto kisu. "Alikwenda kuisema alikotaka kuisema."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Mama Vifungo alingoja upite.

"Basi ikawa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi wa foleni tukajipanga. Akifa mmoja, anayeingia anafundishwa: Koplo akiingia ndani, wewe imba. Miaka thelathini. Tulidhani hajui. Sasa mwaka wa saba au wa nane, yuko hapa anaangalia hii mashine yangu, kiganja juu yake, kafumba macho. Mara akasema, kwa sauti ndogo, yaani ndogo kwake: 'MKIIMBA UBAO UNATETEMEKA. WIMBO WA PILI MNAUKIMBIZA.'"

Mwalimu aliitazama mashine.

"Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akasema, 'KANYAGA.' Nikakanyaga. Hakurudia tena neno hilo mpaka juzi anatutoka. Lakini tangu siku ile kila mwezi alipita kuitia mashine yangu mafuta, siku niliyomwita na siku ambayo sikumwita. Mzee wa Mkaa hana mashine. Basi akamtengenezea toroli."

"Mimi nilidhani nilimwumiza," Mwalimu alisema. Lilikuwa neno la miaka thelathini, na lilitoka dogo kuliko alivyotegemea.

"Ulimwumiza. Nisikudanganye." Mama Vifungo aliokota sindano, akatafuta tundu lake. "Lakini miaka ishirini na miwili sote tulimwona pale benchi la nyuma, tukaona ni adabu kunyamaza. Mama yako, mimi, mpaka Padri. Adabu tupu. Ukaja wewe na daftari lako. Haya, nenda kaandike, Katekista yule hana subira."

Aliandika kwa robo saa. Maneno yalikuja yenyewe, na alipomaliza nafasi ya vidole viwili ilibaki wazi. Kaka yake aliingia akachukua karatasi, akaisoma amesimama.

"Mistari mitatu tu? Na wale askari wangu kumi na wawili?"

"Waache waende zao nyumbani, Kaka. Vita vimekwisha."

Akamweleza. Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kupokea simu hata moja, jambo ambalo mke wake asingeliamini. Kisha akakaa juu ya kasha la cherehani yenye mapepo.

"Mama alikuwa ananituma kumchukua Baba Jumamosi," alisema. "Nasimama nje, nasikia zile nyimbo. Siku zote nilijua ile ni kwaya. Nilikuwa nasema moyoni, parokia hii Mungu aihurumie, ina kwaya mbovu." Alijaribu kucheka, ikashindikana, akajifunika uso kwa mikono. Mwalimu alimshika bega.

Katekista alipitia karatasi saa kumi na moja na nusu, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Kidole kilisimama katikati ya ukurasa, kikakaa hapo. Yeye alikuwa katekista hapo kwa miaka kumi na miwili. Foleni za Jumamosi alizipanga yeye.

"Paroko ataniuliza hii maana yake nini," alisema.

"Utamwambiaje?"

Alikohoa, akaikunja karatasi mara mbili. "Nitamwambia iko ndani ya dakika tano."

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka nje. Mafundi nguo walikuja wote. Mwalimu alisimama mbele, akasoma kwa sauti yake ya darasani, iliyozoea kufika dawati la mwisho. Alisoma kuzaliwa, alisoma ubatizo. Kisha akasoma:

"Alikwenda vitani akiwa na miaka ishirini na miwili, akarudi akiwa na ishirini na sita. Yaliyompata huko na aliyoyafanya huko hakutuachia sisi. Aliyapeleka mwenyewe mahali pake, kwa sauti yake mwenyewe, na hakwenda peke yake. Wale waliokuwa naye kwenye foleni, walio hai na waliotangulia, sisi watoto wake tunawashukuru, na tunajua kwamba yeye pia alishukuru."

Alinyanyua macho. Watu wengi walikuwa wakimtazama kama walivyotazama aya ya kwanza, kwa huzuni ya heshima; pengine walidhani ni foleni ya chakula jeshini. Lakini hapa na pale katika mabenchi, saba au wanane hivi, wengi wazee, walikuwa ghafla wameanza kuchunguza viatu vyao. Mama Vifungo alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwamo. Mwalimu alivuta pumzi, akaendelea na ndoa, watoto na cherehani, na hapo watu wakacheka mahali pa kucheka, maana kila mmoja alikuwa na siku yake ambayo Koplo aliitangazia dunia uchafu wa bobini yake.

Makaburini, jeneza lilipokwisha kufunikwa na watu wakaanza kutawanyika, Mzee wa Mkaa alimjia. Alikuwa mzee kweli sasa, mwembamba, kofia ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Pole sana." Alisitasita, akatazama kushoto na kulia, akasogea karibu. "Nimekuja kukwambia neno moja tu. Sisi hatujui chochote."

"Najua, Mzee."

"Hatujui kabisa. Kelele zilikuwa nyingi."

"Ndiyo, Mzee. Asanteni sana."

Mzee alitikisa kichwa, akatosheka, akavaa kofia yake. Alikwenda hatua tatu, akasimama, akageuka.

"Ila alikuwa mtu mwema," alisema. "Hilo tunalijua."